Herufi Tatu katika Kitabu cha Racing Kafubu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Papa Anaclet Kisimba kilikuwa mkono wake wa kulia. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za saruji za uwanja wa mazoezi, mashabiki kama sitini hivi, na timu yetu, Racing Kafubu, ilikuwa ikicheza mechi ya kirafiki. Kila mara wapinzani walipovuka katikati ya uwanja, watu walisimama na kupiga kelele. Yeye hakusimama. Mkono wake, uliokuwa umelala gotini, ulikunja vidole polepole na kujivuta kuelekea tumboni, kana kwamba umeshika kitu kizito kisichotaka kuvutwa. Hatari ilipopita, ulirudi kulala gotini.

Nilidhani ni ugonjwa wa uzee. Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniona nikitazama.

"Haiko ugonjwa," akasema. "Eko anafunga freni, breki ya treni. Huyu papa alikuwa mashinisti, aliendesha treni miaka makumi tatu. Hata mu kanisa, padri akihubiri sana, anafunga freni."

Papa Anaclet alimsikia, akatabasamu kidogo, lakini macho yake hayakuondoka uwanjani.

Mama huyo ni Maman Nono, mwenyekiti wa kamati ya mashabiki. Anauza sokoni samaki wakavu kutoka Kasenga, na ulimi wake unajulikana kuliko samaki wake. Kamati ilikuwa imenipokea mwezi huo niwe mwandishi wake, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na mwandiko wangu unasomeka. Ndiyo maana niliweza kumfuatilia mzee huyu kwa karibu, na ndiyo maana naandika habari zake.

Papa Anaclet ana miaka sitini na minane. Alizaliwa Kabalo, kaskazini, katika familia ya Wakatoliki wa reli: baba yake alikuwa fundi wa njia, na babu yake alibeba mataruma begani. Anaishi Makomeno na mke wake, Maman Edith, katika nyumba ya matofali mekundu yenye mti wa parachichi uani. Watoto wao watano wametawanyika mijini. Katika kamati hana cheo. Ana kazi moja tu ambayo haijaandikwa popote: timu inapokuwa taabani na kocha mpya akaletwa, watu humwendea wakamuuliza, "Papa, huyu eko aje?" Yeye hujibu, "Sijaona bado." Baada ya mechi moja hujibu hivyo. Baada ya mechi tatu pia hujibu hivyo. Vijana humcheka, lakini huja tena kumuuliza.

Katika miaka minne Racing Kafubu ilipata makocha watano, na karibu wote waliikuta ikiwa mbovu. Kwa hiyo Papa Anaclet alipata muda mrefu wa kufikiri juu ya watu wanaorithi timu mbovu. Siku moja alinieleza mawazo yake tukiwa tunarudi kwa miguu kutoka uwanjani. Alisema treni inayoshuka mlima haisimami palepale breki inapofungwa. Mtu aliyesimama kando ya njia anaiona bado inakimbia, anasema dereva hafai. Aliye ndani anasikia mwendo unapungua. Kwa hiyo yeye hahesabu alama kwanza. Anaandika timu inafungwa dakika ya ngapi, na ni wachezaji wangapi wanarudi nyuma wanapopoteza mpira. Anataka kujua kama mwendo unapungua.

"Na kama mlima ni mrefu kuliko breki?" nikamuuliza.

"Basi utaanguka," akasema. "Lakini hata vile, muntu atauliza: nani alipakia ile wago, ile behewa?"

Ni yeye aliyeleta kitabu. Hapa kwetu kila anayeacha kazi hufanya *remise et reprise*: anayeondoka na anayeingia hukaa meza moja, wanahesabu funguo, mihuri na viti, wanaandika vilivyo vizima na vilivyovunjika, kisha wote wawili wanatia sahihi mbele ya mashahidi. Mkuu wa shule anafanya hivyo, na mkuu wa kituo cha afya anafanya hivyo. Makocha pekee ndio walikuwa wakipokezana timu kwa kusalimiana mkono tu mlangoni. Miaka miwili iliyopita Papa Anaclet alisimama katika kikao akasema, "Kama mukubwa wa chorale, wa kwaya, anahesabu biti, kocha atakosa aje kuhesabu magoti?" Watu walicheka sana, kisha wakakubali. Maman Nono alinunua daftari kubwa lenye jalada jeusi. Ilikubaliwa kwamba kocha anayeingia ataandika humo kila alichokikuta, kizima na kibovu, na kwamba kasoro iliyoandikwa siku ya kupokea haitahesabiwa kuwa yake.

Kitabu kilipata heshima mapema. Kocha wa kwanza kutia sahihi alishinda mechi tano mfululizo, akabebwa mabegani hadi barabarani. Papa Anaclet akafungua kitabu, akatuonyesha kwamba yule kocha alikuwa amepokea washambuliaji watatu waliokuwa wametoka tu kupona majeraha. "Hii mizigo alipakia mwenzake," akasema. "Tungoje ile atapakia yeye." Msimu uliofuata kocha yule alileta wachezaji wake mwenyewe, na timu ikaanza kuteremka. Tangu siku hiyo, kilichoandikwa ndani ya daftari jeusi kilikuwa kama kimeapiwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Racing ikiwa ya mwisho katika msimamo, rais wa klabu alimwachisha kazi kocha David, mzee mpole aliyetufundisha kwa vipindi viwili. Mahali pake akawekwa Élie Ntumba, kijana wa miaka thelathini na minne. Babu yake Élie alitoka Kasai kuja kufanya biashara hapa, baba yake alikuwa mwalimu, naye mwenyewe aliichezea Racing akiwa beki chini ya David huyohuyo.

Niliandika kumbukumbu za siku ile, kwa hiyo naikumbuka vizuri. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe. Kocha David aliketi upande mmoja na mke wake, ambaye alikuwa ameleta kreti ya Fanta. Élie aliketi upande wa pili katika shati lililopigwa pasi mno. Mashabiki wote walijua hali ya timu. Kipa wa kwanza alikuwa na goti lililovimba. Timu haikufanya maandalizi ya kabla ya msimu, kwa hiyo miguu iliisha dakika ya sitini. Nahodha na mshambuliaji mkuu hawakuwa wakisalimiana tangu Krismasi. Tulingoja Élie ayaandike hayo yote. Alishika kalamu, akamtazama mzee wake, akaandika mstari mmoja: *Nimepokea timu nzima.* Chini yake akaongeza herufi tatu ambazo kila karani wa nchi hii anazijua, *R.A.S.*, kwa Kifaransa *rien à signaler*, yaani hakuna la kuripoti.

Papa Anaclet, aliyekuwa shahidi, alisoma. Niliona mkono wake wa kulia ukijikunja juu ya kitambaa cheupe.

"Mwana, soma tena," akasema kwa sauti ya chini.

"Iko bien, iko sawa, Papa," Élie akajibu.

Kocha David alifuta macho. Tukanywa Fanta.

Baada ya hapo Élie alicheza mechi kumi. Alishinda mbili, akatoka sare mbili, akapoteza sita. Zilibaki mechi tatu msimu uishe, na tulikuwa bado katika nafasi ya kushuka daraja. Rais wa klabu aliwaambia mashabiki: "Ninyi ndio mnaolia kila Jumapili, basi nipeni neno lenu Jumamosi saa tisa, kocha abaki au aondoke. Nitalifuata."

Kamati ilikutana Jumapili iliyotangulia kuandaa neno hilo. Maman Nono alifungua daftari jeusi, akaligeuza ili kila mtu aone.

"Timu nzima!" akasema. "Nzima kama nini? Kama samaki yangu ya jana yenye panya ilikula kichwa? Huyu kijana aliandika na mukono yake. Hakuna muntu alimukamata kwa nguvu. Alipokea nzima, sasa iko kipande-kipande. Nani aliivunja?"

"Nono," Papa Anaclet akasema, "unajua na mimi najua kama haikuwa nzima."

"Ninajua. Lakini kitabu haijui."

"Goli za mbele, wakati ya David, zilikuwa zinaingia dakika ya kumi, dakika ya kumi na tano. Sasa zinaingia dakika ya sabini. Ile ni miguu, haiko akili. Miguu aliikuta vile. Mwendo unapungua."

"Papa, tusikilizane. Ule kocha wa mechi tano, ulimukamata na hii kitabu. Sisi wote tukapiga makofi. Leo kitabu inakamata mutu unapenda, unataka tuifunge? We njo uliomba hii kitabu. Haiko mimi."

Chombo alichokitengeneza Papa Anaclet kuwalinda makocha ndicho kilichokuwa kinamhukumu kocha huyu, na sheria yake ilikuwa ya haki. Aliomba tu kwamba neno la mwisho lingoje hadi Jumamosi. Maman Nono akakubali, kwa sababu anamheshimu.

Jumatatu asubuhi tulikwenda kumwona Élie mazoezini. Alikuwa akipanga koni peke yake, wachezaji bado hawajafika.

"Juu ya nini uliandika vile?" Papa Anaclet akamuuliza bila salamu ndefu.

Élie aliweka chini koni alizobeba. "Papa, kocha David njo alinifundisha kutembea mu mpira. Viatu vyangu vya kwanza alivinunua yeye. Alikuwa palepale, amekaa mbele yangu, wanamufukuza kazi mbele ya bantu. Ningeandika aje kama ameniachia timu mugonjwa? Na bibi yake ananisukumia Fanta, 'Kunywa, mwanangu.'" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Kwetu, ukirithi kiti ya mukubwa, hausemi kama kiti imevunjika. Unakaa pole-pole, unaitengeneza."

"Na ukianguka?"

"Basi nimeanguka mimi."

"Jumamosi watakutoa."

"Ninajua, Papa."

Papa Anaclet akageuka akaondoka bila kumuaga. Tulipofika karibu na nyumba yake alisimama. Pale aliniambia nije kesho saa nane na kalamu, kwa kuwa kuna jambo linalotakiwa kuandikwa, na anataka mke wake awepo wakati linaandikwa.

Jumanne nilipofika, Maman Edith alikuwa akichambua maharage katika ungo sebuleni. Ukutani, karibu na msalaba, kuna picha ya mwanamume mwenye kofia ya reli na masharubu yaliyokatwa vizuri. Ni Godefroid, kaka mkubwa wa Maman Edith, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa dereva wa treni pia. Ndiye aliyemfundisha kazi Papa Anaclet, ndiye aliyempa dada yake amwoe, na nyumba nzima bado inamwita yaya, yaani kaka mkubwa.

Papa Anaclet alikaa chini ya picha hiyo, akaanza.

"Edith, nataka kusema maneno ya yaya yako. Haiko maneno ya kumupamba."

Maman Edith hakuacha kuchambua. "Sema."

Alisimulia polepole, nami niliandika. Ilikuwa mwaka 1988, katika kituo kidogo cha kubadilishana zamu kwenye njia ya kaskazini. Godefroid alileta treni ya mizigo, na Papa Anaclet alitakiwa kuipokea. Waliposalimiana, Godefroid alimwambia shemeji yake pembeni, kwa mdomo tu, "Mulamu, nyuma freni inakamata kidogo. Angalia." Kisha akampa daftari la kupokezana zamu. Kwa sheria, Anaclet alipaswa kuandika kasoro ile na kukataa kuondoka hadi fundi aje. Lakini kuandika kulikuwa na maana ya kumshtaki mwalimu wake na kaka wa mke wake kwamba ameendesha treni mbovu vituo vitatu bila kuripoti. Godefroid alikuwa amesimama mbele yake, amechoka, anangoja akalale. Anaclet akaandika *R.A.S.*, akatia sahihi, akapanda.

Kwenye mteremko mabehewa ya nyuma yalikataa kushikwa. Alifunga breki kwa mkono huu hadi bega likalia. Treni ilipofika kwenye kona, mabehewa manne yaliacha njia. Msaidizi wake, Kalaba, alibanwa mguu, na mguu ukakatwa.

Wachunguzi walifungua daftari. Waliona herufi tatu na sahihi ya Anaclet. Walimuuliza kama alipokea treni nzima, akajibu ndiyo, kama ilivyoandikwa. Aliondolewa kwenye uendeshaji miaka minne, akapelekwa kupaka grisi magurudumu. Godefroid alikuja kumwona kila Jumapili na hakusema neno. Yeye pia hakusema. Miaka ikapita, Godefroid akafa, wakamzika kwa heshima zote za reli.

"Nilileta hii kitabu ya ba-kocha juu ya ile siku," akamaliza. "Niliwaza bantu waandike, wasikuwe kama mimi. Sasa kijana ameandika sawasawa na mimi, na kwa sababu ileile. Jumamosi watamuhukumu na kitabu yangu. Kama sisemi, nitakuwa nimeshuka ule mlima mara mbili."

Maman Edith aliweka ungo mezani. Maharage machache yalidondoka, hakuyaokota.

"Unataka kusimama mbele ya bantu wa mpira," akasema, "useme kama yaya yangu alikata mutu muguu."

"Edith..."

"Yaya yangu. Mwenye alisomesha batoto bako babili."

Aliinuka akaingia chumbani. Nilikunja karatasi zangu nikaondoka, kwa kuwa haikufaa kubaki.

Jumatano nilipita, nikaambiwa yuko kanisani. Alhamisi nilipita tena, nikamkuta Papa Anaclet amekaa peke yake uani, miguuni pake magazeti ya michezo ambayo hakuyasoma. Alisema mke wake anampikia, anamwekea maji ya kuoga, lakini hamwambii neno. "Miaka makumi ine na moja ya ndoa," akasema, "sijawahi kusikia hii nyumba inanyamaza hivi." Nilimuuliza kama atasema hata hivyo. Alijibu kwamba bila ruhusa yake hatasema. Kijana Élie ataondolewa, naye ataishi na jambo hilo kama alivyoishi na lile la kwanza. Hakusema kwa hasira. Ilikuwa wazi kwamba anaujua uzito wa jambo hilo, na kwamba ameshaupima.

Ijumaa asubuhi simu yangu iliita mapema. Alikuwa Maman Edith.

"Secrétaire, kuya na ile karatasi yako."

Nilifika nikamkuta amevaa, mkoba mkononi, kana kwamba tunasafiri. Aliniambia nimsomee yote niliyoandika. Nilisoma. Nilipomaliza, aliniambia nirudi kwenye mstari unaoanza na jina la kaka yake.

"Hapa umeanza na Godefroid. Haiko muzuri," akasema. "Andika kwanza: mimi Anaclet, niliandika uwongo. Jina yake mbele, na makosa yake mbele. Kiisha yaya yangu atakuja nyuma, na kile alisema kwa mudomo, ju alisema. Hakuficha yote. Ile pia uiandike."

Papa Anaclet alikuwa mlangoni. "Iko vile," akasema. "Alisema."

"Na Kalaba?" Maman Edith akamgeukia. "Kalaba anajua kama ulielezwa mbele ya kupanda?"

Papa Anaclet alitazama chini. "Hapana."

"Miaka yote hii unamupelekea unga Noeli, unakula kwake, hajui?"

"Hajui."

"Basi hatuendi kwa bantu wa mpira na neno yenye mwenye muguu hajasikia. Tunaanza kwake."

Kalaba anaishi upande wa Annexe, mbali, ambako nyumba zinaachana na mashamba yanaanza. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya mistari ya mahindi, anapalilia akiwa ameketi, halafu anasogeza kiti. Ana magongo mawili na kofia ya Racing Kafubu iliyopauka. Alifurahi kutuona, akaanza na utani wake wa kawaida.

"Mashinisti! Umekuja na treni ao na miguu? Ju mimi mguu niko nayo moja tu, siwezi kukuazima."

Hakuna aliyecheka. Kalaba aliona nyuso zetu, akaweka jembe chini. Papa Anaclet hakukubali kiti alicholetewa. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa maneno machache kuliko yale aliyonipa mimi. Alianza na jina lake, kama mke wake alivyotaka.

Kalaba alisikiliza hadi mwisho. Alichuma jani la mhindi, akalichana vipande virefu, kimoja baada ya kingine.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe. "Mbele ya kuondoka. Nilikuuliza, 'Chef, tunaenda bien?' Unakumbuka ulinijibu nini?"

"R.A.S.," Papa Anaclet akasema.

"Ulinijibu vile."

Kalaba akatupa jani. Aliuliza habari za Élie, na Papa Anaclet akamweleza: ile meza, ile Fanta, ule mstari mmoja na zile herufi tatu. Kalaba alitikisa kichwa. Anamjua Élie. Yeye Kalaba hakosi mechi hata moja, hukaa upande wa kona ambako ngazi ziko chini.

"Ile kikao ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa."

"Nitakuja. Sijui kama nitakuja kwa ajili yako. Lakini nitakuja."

Tulipoondoka alikuwa amerudi kwenye mahindi yake, anasogeza kiti. Maman Edith aligeuka mara mbili kumtazama. Njiani alimshika mume wake mkono, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na walitembea hivyo hadi barabara ya lami.

Kabla ya kufika nyumbani, Papa Anaclet alipitia tena uwanjani. Aliwaachia wachezaji wamalize, kisha akamwita Élie kando. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Kesho nitasema makosa yangu mimi. Lakini ya kwako siwezi kusema. Ukurasa yako lazima uijaze weye, na David akiwa pale. Goti, miguu, wale babili hawasalimiane. Yote. Haiko kumutukana. Ni kumusaidia asibebe peke yake, na weye usibebe peke yako."

"Mbele yake, Papa?"

"Mbele yake."

"Na kama atalia?"

"Atalia. Kiisha atakunywa Fanta."

Élie alitazama nyasi. Alisema atafikiri usiku. Hakuahidi.

Leo ni Jumamosi. Naandika haya ukumbini, kitabu cheusi kikiwa mbele yangu, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenye mstari mmoja na herufi tatu. Chini yake kuna nafasi nyeupe ya kutosha. Maman Nono amekuja na kalamu mbili mpya, moja ikikataa kuandika nyingine iwepo. Nilipomwonyesha karatasi ya Papa Anaclet aliisoma mara mbili, akavua miwani, na hakufanya utani wowote. Alisema tu kwamba kitabu hakijawahi kufunguliwa tena baada ya sahihi, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba hakifunguliki. Kamati itasikia kwanza, kisha itapiga kura. Hakusema yeye atapiga vipi.

Viti vimejaa hadi nje. Rais wa klabu amefika mapema. Kalaba ameletwa na pikipiki, magongo yake yameegemezwa ukutani, na amechagua kiti cha safu ya mbele, karibu na Maman Edith. Hawajasemezana, lakini amemsogezea mkoba wake usianguke. Kocha David yuko mezani na mke wake. Papa Anaclet amesimama karibu na dirisha katika shati jeupe, karatasi mfukoni.

Saa yangu inaonyesha saa nane na dakika hamsini na mbili. Kiti cha Élie, kilicho mkabala na David, bado kitupu. Kutoka dirishani barabara inaonekana hadi kona, na kila mtu anayejitokeza pale tunamtazama mpaka tumtambue.